Watoto Wenye Kinyota

"Nimeiambia hapana! Mara thelathini na saba nimeiambia hapana, na mara thelathini na saba imefuta mtoto!"

"Mashine haifuti kama haujaituma, Mama Daphrose! Haina kichwa chake yenyewe, iko natii tu!"

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sikusema mwongo. Nasema kidole kimeteleza."

"Mara thelathini na saba kinateleza? Wewe Cyriaque, hiki ni kidole ama ni sabuni?"

Libère, aliyekuwa ameegemea dirisha na mikono mfukoni, alicheka. Hakutaka. Kicheko kilimtoka kama chafya, na hapo ndipo balaa lote lilipomgeukia yeye.

"Unacheka nini, weye?" Mjomba wake aligeuka na kiti chake kizima. "Programu yangu imeongea Kifaransa mwaka mzima, haijapoteza hata jina moja. Umeitia Kiswahili chako cha Buyenzi wiki tatu tu, watoto wameisha!"

"Sijagusa programu, Tonto. Nimegusa maneno."

"Na maneno iko ndani ya nini? Ndani ya sahani?"

"Uliniambia toa maneno, nikatoa maneno! Kurasa mia moja na arobaini! Ulitaka nitoe nini tena, macho?"

"Adabu!"

"Ah, adabu nayo iko kwenye programu?"

Basi kelele zilikuwa hivyo, Jumamosi asubuhi, saa nne imepita. Fundi cherehani wa chumba cha mbele alishaondoa mguu kwenye pedali ili asikie vizuri. Nyumba za Biryogo, hapa Kigali, zimebanana, mtu akikohoa kwake jirani anamwambia pole. Na ugomvi wa Cyriaque na mpwa wake watu walishauzoea, ila siku ile kulikuwa na Muganga Daphrose wa zahanati katikati, na aproni yake nyeupe ya kazi, na viatu vyekundu kwa vumbi. Daphrose hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ukimwona anapiga kelele, ujue kuna kitu kimeumia.

Yeye ndiye aliyekuwa anasimamia zahanati ya watoto huko chini, karibu na msikiti mdogo. Si kubwa: mzani mmoja wa kuning'iniza watoto, mabenchi mawili, chumba kimoja chenye kompyuta. Kila mtoto anayepimwa uzito anaingizwa mle: jina, jina la mama, kilo, tarehe. Programu aliiandika Cyriaque kwa mkono wake, usiku na mchana, na aliipenda kama watu wanavyopenda ng'ombe. Siku aliyoiweka alimwambia Daphrose tupa madaftari, mashine haisahau. Daphrose akatupa. Mwaka huo, wa tisini na tatu, watoto walikuwa wengi kuliko benchi, maana vita vya kaskazini vilikuwa vimesukuma watu mpaka mlangoni mwa Kigali, na mama wengi walikuwa wanakuja mwezi huu, mwezi ujao hawaji, hujui wamelala wapi.

Na hapo ndipo Libère alipoingia. Alikuwa na miaka kumi na tisa na diploma ya sekondari iliyokunjwa mara nne ndani ya Biblia ya mama yake kule Bujumbura. Chuo hakuna, kazi hakuna, miguu haitulii. Mama yake akamtuma kwa kaka yake Kigali: "Nenda kwa Tonto wako, atakufundisha kompyuta, utatulia." Kompyuta alifundishwa. Kutulia bado. Alikuwa mtu wa kutoka na kuingia, kutoka na kuingia, na kila akitoka anaacha mlango wazi, na vumbi la njia linaingia moja kwa moja kwenye mashine, na Cyriaque anapiga kelele moja tu, ile ile, mpaka watoto wa jirani wanaiigiza: "Mlango!"

Kazi ya Kiswahili aliileta Daphrose mwenyewe. Alikuwa na tabia yake: akimaliza kuandika kilo za mtoto, anageuza kioo cha mashine ili mama naye aone. "Ni mtoto wake," alikuwa anasema, "aone alivyoandikwa." Sasa mama anaona Kifaransa kitupu, anaogopa, anauliza, "Muganga, hapo wamesema anakufa?" Daphrose akachoka. Akamwambia Cyriaque, mashine yako iongee Kiswahili, lugha ambayo watu wa hapa Biryogo wanauliziana chumvi.

Cyriaque Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya. Libère amezaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, Kiswahili kilikuwa cha tumboni. Basi akapewa karatasi, zile ndefu zenye matundu pembeni, programu nzima imechapwa mule, amri baada ya amri, na kalamu nyekundu. Kazi yenyewe: kupita kila mstari, kutafuta sentensi ambazo mtu atazisoma kwenye kioo, kuzitoa, kuzipa namba, kuziandika kwenye daftari, Kifaransa kushoto, Kiswahili kulia. Mule zilimotoka unaacha namba tu. Siku mbili za kwanza Libère alitaka kukimbilia Kampala kwa miguu. Ilikuwa kama kutoa mawe kwenye mchele.

Halafu kitu kikatokea. Akafika kwenye sentensi ya ishirini na kitu, *Veuillez patienter*, na Tonto wake akamwambia andika "Tafadhali kuwa na uvumilivu."

"Nani anaongea hivyo, Tonto? Padri?"

"Basi wewe ungesema nini?"

"Subiri kidogo, nakuja."

Cyriaque alitabasamu pembeni. "Nakuja. Mashine inasema nakuja. Haya, weka."

Toka hapo Libère alianza kuipenda. Alikuwa anatembea njiani anajisemea sentensi. Alikuwa anakwenda zahanati kumsomea Daphrose, na Daphrose anazionja kama mchuzi. Kulikuwa na moja, *Enfant inexistant*, ambayo mashine inaisema ukitafuta jina ambalo halimo. Libère aliandika "Mtoto huyu hayuko." Daphrose alishika daftari lile akaliweka chini taratibu.

"Mwanangu, mama ametoka huko alikotoka, amembeba mtoto, halafu kioo kinamwambia mtoto hayuko? Wewe unajua maneno hayo tunayasema lini."

Libère aliona haya mpaka masikio. Wakakaa wawili, wakatafuta, wakapata: "Mtoto huyu hatujamuona bado." Siku ile ile, wakati anaandika, mama mmoja anaitwa Vestine alimpakatisha mtoto wake ili akafunge kanga vizuri, na mtoto yule, Hirwa, miezi saba, akamkojolea suruali yake ya pekee ya maana. Akamwangalia na macho makubwa, kama anayeuliza utafanya nini. Daphrose alicheka mpaka akakaa. "Huyo sasa ni ndugu yako," alisema.

Na kulikuwa na ile "s". Ndani ya programu Cyriaque alikuwa ameandika *enfant*, halafu pembeni, peke yake ndani ya alama zake za kunukuu, "s", ili mashine iibandike watoto wakiwa wengi. Libère alimletea karatasi.

"Tonto, hii s naitafsiri vipi?"

"Watoto wengi."

"Lakini Kiswahili hakibandiki nyuma. Mtoto, watoto. Kinabadilika kichwani."

"Kichwani?" Cyriaque alijikuna. "Haya sikia, nakupa kanuni. Kilicho ndani ya arama za kunukuu..."

"Alama, Tonto."

"Arama. Kama ndani kuna nafasi, maneno mawili na kuendelea, hiyo ni ya watu, itoe. Kama hakuna nafasi, neno moja, herufi moja, hiyo ni ya mashine, usiiguse hata na ukucha. Tumeelewana?"

"Na hii s?"

"Hiyo nitaitoa mimi mwenyewe. Zingine zote, kanuni ni hiyo."

Walielewana. Na ndiyo kanuni Libère aliyofuata, ukurasa wa kwanza mpaka wa mia moja na arobaini.

Turudi kwenye kelele.

"Mnataka kujua nimekuja kufanya nini?" Daphrose alikuwa amepunguza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Vestine amerudi. Miezi minne hajaja. Walihamishwa kambi, ametembea toka jana. Ameketi pale kwenye benchi langu, nimemwambia njoo tuone Hirwa ameongezeka kiasi gani. Nimeandika jina. Mashine inaniambia, 'Mtoto huyu hatujamuona bado.' Mimi niliyempokea na mikono hii! Nikatafuta mwingine, nikatafuta mwingine. Wote wale wa Jumatatu."

"Wa Jumatatu wapi?" Libère aliuliza.

"Si lile swali la mwanzo wa mwezi. Inaleta watoto ambao hawajaja miezi mitatu, mmoja mmoja, inauliza, 'Tumfute mtoto huyu?' Wewe ndiye umeandika, unaniuliza mimi? Na mimi nasema hapana. Kila mwezi nasema hapana kwa wote. Wale ndio ninaowangoja, wale wengine wanakuja wenyewe! Kilo zao, majina ya mama zao, walikotoka, vyote vilikuwa mle. Sasa Vestine ananiuliza kama tumemtoa mtoto wake kwa sababu alikawia."

Libère alihisi ile suruali pale pajani, kama vile imelowa tena.

"Ndiyo maana nasema," Cyriaque alianza upya, "mtu akigusa kazi ya mtu..."

"Basi mimi naondoka!" Libère alichukua shati lake kwenye msumari. "Naenda Bujumbura, utafute mwingine wa kumtukana!"

"Nenda! Na ufunge mlango!"

"Uacheni mlango!" Daphrose alifoka. "Ninyi wawili mmelaaniwa na mlango! Mimi nina watoto thelathini na saba na ninyi mna mlango! Na hiyo printa yenu pale zahanati pia, toka muitie Kiswahili haijaandika hata karatasi moja. Msaidizi wangu Mutoni anaiambia ndiyo, ndiyo, imekaa kimya kama mke aliyenuna."

Libère alikuwa na mkono mmoja ndani ya shati. Akasimama hivyo hivyo, nusu amevaa.

"Anaiambia ndiyo, haiandiki?"

"Haiandiki."

"Na wewe unaiambia hapana, inafuta."

"Si ndiyo nimesema tangu nimeingia?"

"Unabonyeza nini ukisema hapana?"

"H. Si umeandika mwenyewe pale, N na H. N ni ndiyo, H ni hapana."

Shati likaanguka chini. Libère aliruka mpaka kwenye rundo la karatasi, akaanza kufungua, karatasi zikamwagika sakafuni kama utumbo, mpaka akafika. Hapo alama nyekundu yake mwenyewe: *Effacer cet enfant ? (O/N)*, lile swali la kumfuta mtoto, sentensi mia mbili na kumi na mbili. Imetoka, imepata namba, safi. Mstari wa chini yake, haina alama yoyote, ndogo kama sisimizi, ndani ya alama zake za kunukuu: "N".

"Tonto. Hii ni nini?"

Cyriaque aliinama. Alivaa miwani, akavua, akavaa.

"Hiyo ni jibu. Mashine inangalia mtu amebonyeza nini. Kama ni N, iache. Kama ni kitu kingine, fanya."

"N ya nini?"

"Ya *non*..." Na hapo akaiona.

"Ya *non*," Libère alisema pole pole. "Mimi nimewaambia watu N ni ndiyo. Mashine bado inajua N ni *non*, hapana ya Kifaransa. Muganga akisema H, mashine inaona si *non*, inafuta. Mutoni akisema N, inaona *non*, printa inalala. Maneno yamehamia Kiswahili, Tonto, lakini masikio yamebaki Ufaransa."

"Kwa nini haukuitoa hiyo herufi?"

Cyriaque alikuwa anaitazama ile N, peke yake, haina nafasi ndani, na kanuni yake mwenyewe ilikuwa inamrudia masikioni. Usiiguse hata na ukucha. Alikaa. Kiti kilimpokea kwa kelele.

"Maswali yote iko hivyo," alisema. "Niliandika moja nikanakili kila mahali. Nilikuwa na haraka." Halafu kichwa chake kikainuka ghafla. "Leo siku gani?"

"Jumamosi," fundi cherehani alijibu kutoka chumba cha mbele.

"Mama Daphrose, Mutoni anafunga mashine saa ngapi?"

"Saa tano. Kwa Mutoni saa ni saa. Kwa nini?"

"Sikiliza. Ikifuta, haifuti kweli. Inaweka kinyota pembeni ya jina na kulificha. Jina liko. Naweza kuliita, linarudi. Lakini Jumamosi wakati wa kufunga programu inasafisha. Inapita, kila mwenye kinyota inamtupa nje. Hapo hata mimi siwezi. Na disketi yetu ya akiba iliharibika mwezi jana."

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha dakika nane kabla ya saa tano.

Libère hakungoja. Amri ya kuita majina aliijua. Akatoka bila shati, na fulana tu, mlango wazi nyuma yake mpaka ukutani, na kwa mara ya kwanza Cyriaque hakusema kitu. Alichukua daftari na ukingo wa karatasi na kuanza kumfuata na goti lake bovu.

Njia za Biryogo si za kukimbia. Kona, mfereji, jiko la mtu la sambusa, wazee wanacheza bao la igisoro, maji ya kufulia. Libère aliruka jiko, akaomba radhi hewani, akamkwepa mtu na shuka mbichi za kuanikwa. "Wanakufukuza, sha?" mtu alimuuliza. Kichwani alikuwa na kitu kimoja: kinyota. Hirwa na macho yake makubwa na kinyota pembeni.

Alipoingia kwenye uwanja wa zahanati, Vestine alikuwa bado kwenye benchi, mtoto amelala mgongoni, na mfuko mmoja miguuni. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa umefungwa. Mutoni alikuwa anazungusha ufunguo. Msichana mnadhifu, nywele zimebanwa, saa mkononi.

"Usifunge!"

"Nimeshafunga," Mutoni alisema. "Saa tano na dakika mbili. Unanuka jasho, Libère."

"Mashine! Umefunga mashine?"

"Nimefunga mashine, nimefunika na kitambaa chake. Kulikoni?"

Libère alikaa chini. Pale pale kwenye vumbi. Daphrose alikuwa anaingia, mkono kwenye mbavu, akamwona alivyokaa, akajua. Akaenda kusimama karibu na Vestine, akamwekea mkono begani. Vestine alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Imesafisha?" Libère aliuliza. Hakutaka kuuliza. "Iliuliza swali la kusafisha?"

"Inauliza kila Jumamosi. 'Tusafishe kabisa?' Mimi najibu vizuri tu. Na siku hizi iko haraka! Ilipokuwa Kifaransa ilikuwa inanguruma dakika mbili nzima. Toka umeiweka Kiswahili inamaliza hapo hapo. Nilitaka nikwambie asante, Kiswahili kimeifanya nyepesi."

Libère aliinua kichwa.

"Mutoni. Ulibonyeza nini?"

"N."

"N."

"N! Ndiyo! Unadhani sijui kusoma?"

Sasa mtu akicheka hivyo hujui anacheka ama analia. Libère alikuwa anafanya vyote. Alimshika Mutoni mikono miwili, na ufunguo ndani yake, na kumzungusha. "Inamaliza hapo hapo kwa sababu haifanyi kitu! Ulisema ndiyo, ikasikia hapana! Wiki tatu haijasafisha hata vumbi! Mutoni, wewe, wewe..." Kiswahili chote cha tumboni kilimwisha. "Yampaye inka!" alimalizia kwa Kinyarwanda, kiapo cha mtu aliyepewa ng'ombe, na hata wale wasiomjua wakajua amepata kitu kikubwa.

Wakaingia. Daphrose akamvuta Vestine aingie naye. Kitambaa kikatolewa, mashine ikawaka, ikakohoa, ikasema, "Subiri kidogo, nakuja." Vestine alisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na kusema, "Haya, tunakusubiri." Libère aliandika amri ile fupi. Kioo kilitulia kidogo. Halafu mstari: *Yamerudi 37.*

Akaandika Hirwa. Jina likaja. Mama: Vestine. Kilo sita na nusu, kilo sita na robo tatu, kilo saba. Daphrose aligeuza kioo upande wa mama, kama kawaida yake. Vestine alikaribia, akaweka kidole kwenye jina lenyewe, kwenye kioo kabisa, akakiacha pale.

"Hamkumtoa," alisema.

"Hatukumtoa," Daphrose alisema. "Ni sisi tulipotea kidogo."

Hirwa akaamka, akalia, wakampeleka kwenye mzani. Kilo saba na robo. Si nyingi kwa miezi minne, lakini Daphrose aliziandika kama anaandika mali.

Cyriaque alifika wakati huo, anachechemea, na kipande cha karatasi chenye matundu kinamburuzika nyuma kama mkia. Mutoni akamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akajifuta uso mzima.

"Kwa hiyo kosa imeponya kosa," alisema. Akamgeukia mpwa wake, lakini alikuwa anaongea na vitufe. "Ile kanuni ya nafasi. Nani amekupa?"

"Sijui, Tonto. Mtu mmoja."

"Mwambie huyo mtu ni mjinga."

"Siwezi. Ni kaka ya mama yangu."

Cyriaque alicheka puani. Alitoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati, ile ile, akaiweka mbele ya Libère. "Herufi pia ni maneno. Tutazitoa zote. Ama sikia, tuache mambo ya N. Tuweke Kinyarwanda pale kwenye majibu, kila mtu hapa anakijua. Yego ndiyo, oya hapana. Y na O. Hakuna kuchanganya tena."

Wakatazamana.

"O, Tonto," Libère alisema.

"O nini?"

"O ya *oui*. Kwa Kifaransa ni ndiyo. Kwetu ni oya."

Halafu Mutoni akapasuka, na Daphrose, na Vestine ambaye hakuelewa lakini aliona wazee wanacheka, na mwisho Cyriaque mwenyewe, mikono juu ya kichwa. "Nani ametengeneza lugha hizi? Mumlete hapa!"

Daphrose ndiye aliyetulia wa kwanza. Alikuwa ameshika ile karatasi, kidole kwenye mia mbili na kumi na mbili.

"Mimi nataka kuuliza. Swali lenyewe ni la nini?"

"Ili orodha isiwe ndefu sana, Mama."

"Na iwe ndefu. Inamlemea nani? Kila mwanzo wa mwezi mnanikalisha hapa mnaniuliza nimfute huyu, nimfute huyu. Kwa Kifaransa nilikuwa sisikii vizuri. Kwa Kiswahili nimesikia. Sitaki kuulizwa tena."

Cyriaque alimsogezea mpwa wake daftari. "Libère," alisema, "mia mbili na kumi na mbili. Mama anasema iandikwe nini?"

Libère alifungua daftari. Upande wa kushoto, *Effacer cet enfant ? (O/N)*. Upande wa kulia alikata maneno yake ya zamani. Daphrose alifikiri kidogo tu.

"Andika: Mtoto huyu hajaja siku nyingi. Tunamngoja."

"Nukta?"

"Nukta. Si swali."

Akaandika. Cyriaque alisoma juu ya bega lake, midomo inacheza. Aliweka mkono kichwani kwa mpwa wake, mzito, sekunde moja, kama mtu anayepima tikiti, akautoa.

"Kungoja peke yake haitoshi," Daphrose alisema. "Hawa thelathini na sita wengine. Wengine wako hapa hapa Biryogo, mama zao wanaona haya kurudi kwa sababu wamekawia. Nitoleeni majina. Mtu mwenye miguu isiyotulia aende awaambie waje."

Wote walimtazama mtu mwenye miguu hiyo.

Libère aliita orodha. Mashine ikauliza kama iandike kwenye karatasi, N ama H. Mutoni alinyoosha kidole kuelekea N, Libère akamshika mkono, akabonyeza H, hapana, na printa iliyolala wiki tatu ikashtuka na kuanza kupiga kelele zake, mstari kwa mstari, majina na mama zao na mahali. Karatasi ikatoka na joto lake. Akaikunja mara moja tu, si mara nne. Bujumbura ilikuwa imemtoka kichwani. Alikuwa anahesabu atapitia wapi, kwanza kwa wale wa nyuma ya msikiti, halafu wale wa karibu na soko.

"Wewe, fulana tu?" Mutoni alimwambia.

"Shati nitapitia."

"Useme vizuri," Daphrose alimwagiza. "Usiwatishe. Sema tu, Muganga anamuulizia mtoto."

"Muganga anamuulizia mtoto," Libère alirudia, akaionja. Ilikuwa nzuri. Hakuna cha kubadilisha.

Alifika mlangoni. Pale ukutani kulikuwa na kikaratasi cha mjomba wake, kimepauka: FUNGA MLANGO, VUMBI. Nyuma yake alisikia Cyriaque anavuta pumzi, lile neno liko tayari mdomoni. Libère alitoka, akageuka, akaurudisha mlango kwa mikono miwili, taratibu, mpaka uliposhika.